Mantiki: Ipimwe Kwanza au Ifundishwe Kwanza?

Julai 2014, mitaa ya Mukherjee Nagar, kaskazini mwa jiji la Delhi, ilijaa vijana wenye mabango. Hawakudai mishahara. Walikuwa wakipinga karatasi ya mtihani yenye maswali 80, alama 200 na muda wa saa mbili, ambayo Wahindi wanaijua kwa kifupi cha CSAT. Ndani yake mna ufahamu wa habari, maswali ya mantiki na hesabu za kawaida.

Karatasi hiyo iliingizwa mwaka 2011 katika mchujo wa mtihani wa utumishi wa umma wa India, mtihani unaowatoa wakuu wa wilaya, mabalozi na maofisa wa juu wa polisi. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1979, mtahiniwa alijichagulia somo moja alilolimudu, iwe historia, jiografia au uhandisi. Kuanzia 2011 kila mtu akawekewa maswali yaleyale. Waombaji hufika karibu milioni moja kwa mwaka, na nafasi ni takriban elfu moja. Swali moja la CSAT lina alama 2.5, na anayekosea hukatwa theluthi ya alama hizo. Katika msongamano wa namna hiyo, maswali mawili matatu yalitosha kumrudisha mtu nyumbani kusubiri mwaka mwingine.

Hoja zilizozuka wakati ule hazijapoa hadi leo. Hapa zinawekwa katika vinywa vya watu watatu waliobuniwa kwa ajili ya mjadala huu. Wa kwanza ni Mhandisi, mwanamke aliyefaulu CSAT na anayeitetea. Wa pili ni Mtahiniwa, kijana wa jimbo la Bihar aliyesoma kwa Kihindi tangu darasa la kwanza hadi shahada. Wa tatu ni Mwalimu, mtu wa makamo anayefundisha maswali ya mantiki kwenye tuisheni.

Mhandisi ndiye anayeanza, na anaanza na kazi yenyewe.

"Mkuu wa wilaya anaamka mto umefurika. Mwenyekiti wa kijiji anamwambia chakula kimekwisha, mfanyabiashara anamwambia ghala limejaa, daktari anataka mashua zote zipeleke dawa. Hapo hatasaidiwa na tarehe za vita vya Panipat. Atasaidiwa na uwezo wa kujua lipi linafuata kutokana na lipi, na nani kasema jambo asiloweza kulithibitisha. Hicho ndicho karatasi inachokipima. Tena, zamani aliyechagua hisabati na aliyechagua sosholojia walipangwa kwenye orodha moja kana kwamba wamefanya mtihani mmoja. Haki iko wapi hapo?"

Anaongeza ushahidi wa kihistoria, na ni ushahidi mzito. Mwaka 1921 maofisa wa elimu wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, walisumbuliwa na shule za vijijini ambazo hazikuwa zikileta hata mtoto mmoja kugombea nafasi za sekondari. Walimwomba profesa Godfrey Thomson atunge mtihani usiotegemea masomo ambayo shule nzuri tu ndizo zilizoyafundisha vizuri. Thomson akatunga maswali ya kufikiri kwa maneno, na watoto wa vijijini wenye akili nyepesi wakaonekana. Kazi hiyo aliiendeleza Edinburgh, na mitihani yake ya Moray House ikatumika kuwachuja watoto wa miaka 11 kwa miongo mingi.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," Mhandisi anamgeukia Mtahiniwa, "maswali haya yalibuniwa kwa ajili ya watu kama wewe."

Mtahiniwa hakubali kirahisi. "Dada, yalibuniwa kwa lugha ya mama ya wale watoto. Mimi nililetewa habari iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa Kihindi na mtu ambaye sidhani kama aliisoma tafsiri yake mara ya pili. Nilisoma sentensi moja mara tatu, kisha nikashuka kwenye Kiingereza nikijaribu kukisia mtungaji alitaka kusema nini. Wewe muda huo ulikuwa umeshajibu maswali mawili. Na yako maswali ya ufahamu wa Kiingereza ambayo hayakutafsiriwa kabisa."

"Hayo yalikuwa machache."

"Machache, lakini kila moja lina alama 2.5."

Hapa serikali ya India ilimsikiliza Mtahiniwa kuliko Mhandisi. Agosti 2014, wiki chache kabla ya mtihani, ilitangazwa kwamba alama za ufahamu wa Kiingereza hazitahesabiwa katika kupanga nafasi. Mwaka 2015 ukaja uamuzi mkubwa zaidi: CSAT nzima ikawa karatasi ya kuvuka tu. Ukipata asilimia 33, yaani alama 66 kati ya 200, umevuka, na alama zako hazijumlishwi popote. Waliofanya mtihani mwaka 2011 walipewa nafasi ya ziada ya kujaribu tena.

Mjadala ungeweza kuishia kwenye lugha, na wengi waliishia hapo. Mwalimu anaona wote wawili wamelipita swali lenyewe bila kulitazama. Anachukua chaki.

"Mwanangu, nijibu. Wakulima wote ni wapiga kura. Baadhi ya wapiga kura ni walimu. Je, inafuata kwamba baadhi ya wakulima ni walimu?"

"Inafuata," Mtahiniwa anajibu mara moja. "Baba yangu mwenyewe ni mkulima na ni mwalimu."

Mwalimu anachora duara kubwa la wapiga kura. Ndani yake anachora duara dogo la wakulima, upande wa kushoto. Kisha anachora duara la walimu linaloingia katika duara kubwa kwa upande wa kulia, bila kuligusa lile la wakulima. Kauli zote mbili zimetimia: wakulima wote wamo ndani ya wapiga kura, na wako wapiga kura walio walimu. Lakini hakuna mkulima hata mmoja aliye mwalimu. Mchoro mmoja kama huo ukiwezekana, hitimisho limeanguka, hata kama mtaani kwenu wakulima walimu wamejaa tele.

"Kwa hiyo baba yangu hayupo?"

"Yupo, na ni mtu wa heshima. Kwenye karatasi hajatajwa."

Jibu la kijana huyu halitokani na uzembe wa akili, na jambo hili lina historia yake. Kati ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan na Kirgizia kuzungumza na wakulima ambao hawakuwahi kusoma. Aliwaambia kwamba katika kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walieleza kwamba hawajafika huko, na kwamba swali kama hilo aulizwe aliyewaona hao dubu. Wenzao waliopata masomo kidogo tu, hata ya muda mfupi, walijibu bila shida. Wakulima wale walikuwa na busara zao: hawakutaka kutoa ushahidi wa jambo wasilolishuhudia, na mahakamani tungewasifu. Walichokosa ni kanuni moja ya darasani, kwamba kuna wakati mtu huyaweka kando anayoyajua na kufikiri kwa yale tu aliyopewa. Kanuni hiyo hufundishwa, na hujifunzwa upesi.

Mhandisi anaona hoja imeelekea upande wake. "Sawa. Kama inafunzwa, basi anayejituma ataipata. Mtihani gani haupimi kitu kilichofunzwa?"

Mwalimu hamjibu moja kwa moja. Anaandika swali la pili, la aina inayowaliza watahiniwa wengi.

Anil, Bina, Chetan, Deepa na Esha wamekaa kwenye benchi moja, wote wakitazama kaskazini. Anil yuko kushoto kwa Deepa, wakipakana. Bina hapakani na Anil. Esha amekaa mwisho kabisa upande wa kulia. Chetan anapakana na Esha. Nani yuko katikati?

Mtahiniwa anaanza na kauli ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Anil na Deepa wanaweza kukaa sehemu nne tofauti kwenye benchi la watu watano, naye anazichora zote nne. Dakika mbili zinapita, karatasi imechafuka, na kauli ya pili inamzidishia matawi.

"Anza na asiyeweza kusogea," Mwalimu anasema.

Asiyeweza kusogea ni Esha: nafasi ya tano. Chetan anapakana naye, basi yuko ya nne. Zimebaki nafasi tatu. Anil na Deepa, walioshikana, wako ama ya kwanza na ya pili, ama ya pili na ya tatu. Wakiwa ya pili na ya tatu, Bina anabaki na ya kwanza, ubavuni kwa Anil, na hilo limekatazwa. Basi Anil wa kwanza, Deepa wa pili, Bina katikati. Kazi nzima haifiki nusu dakika.

"Mtungaji alizipanga kauli hivyo makusudi," Mwalimu anaendelea. "Ile yenye uhakika ameificha chini. Aliyewahi kuambiwa hivyo mara moja anatafuta kauli isiyoyumba hata kabla hajaanza kusoma majina. Ambaye hakuambiwa atagundua mwenyewe, pengine, baada ya miezi. Wote wawili wana akili ileile. Dada yangu, wewe uliambiwa wapi?"

Mhandisi anasita. "Chuoni. Wenzangu wote walikuwa wakijiandaa kwa CAT, mtihani wa kuingia vyuo vya menejimenti. Maswali haya tulikuwa tukiyatatua mezani wakati wa chai."

Hapo ndipo ulipo uzito wa mjadala huu. Swali la mantiki linasifiwa kwamba halihitaji maarifa ya awali, na kweli hakuna tarehe wala fomula ya kukariri. Lakini linahitaji mazoea, na mazoea huuzwa. Kitabu cha R. S. Aggarwal cha maswali ya mantiki, ya maneno na ya michoro, kimo mikononi mwa watahiniwa India nzima na hakiwashindi wengi kukinunua. Gharama iko kwingine: kodi ya chumba Delhi, ada ya tuisheni, na mwaka mmoja au miwili bila kufanya kazi. Hata huko Uingereza, mtihani wa watoto wa miaka 11 uliogeuza fikra za Thomson kuwa mfumo wa taifa ulizaa biashara ya walimu wa faragha. Bado inashamiri katika maeneo kama Kent na Buckinghamshire yanayoendelea na mtihani huo.

Marekani nayo ilipambana na tatizo hili kwa upande wa maneno. Mtihani wa SAT ulikuwa na maswali ya ulinganisho: jambo la kwanza kwa la pili ni kama la tatu kwa lipi? Moja lililokuja kujulikana sana liliwataka watahiniwa waone kwamba mkimbiaji kwa marathoni ni kama mpiga makasia kwa mashindano ya mashua. Mtoto aliyekulia karibu na vilabu vya mashua alilijibu kwa kumbukumbu; wa mjini asiye na ziwa wala klabu alitakiwa kulijibu kwa kufikiri, na neno la Kiingereza la mashindano hayo hakuwahi kulisikia. Maswali ya ulinganisho yaliondolewa SAT mwaka 2005. Agosti 2024 mtihani wa kuingia shule za sheria, LSAT, nao uliondoa maswali ya kupanga watu na vitu, ndugu wa lile benchi la Mwalimu, kufuatia makubaliano ya mwaka 2019 na watahiniwa wasioona. Hao walikuwa wameeleza kwamba maswali yale yanategemea kuchora, nao hawawezi kuchora. Mahali pake pakawekwa sehemu ya pili ya kuchambua hoja.

"Basi tuyafute yote!" Mtahiniwa anasema.

"Hapana," Mwalimu anajibu, na sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Ukiyafuta, utanyimwa nini? Nikusomee moja."

Tangazo la halmashauri: chemsheni maji ya kunywa msimu huu wa mvua ili mjikinge na kipindupindu. Dhanio la kwanza: kuchemsha maji kunapunguza hatari ya kipindupindu. Dhanio la pili: wananchi wote watatii tangazo. Lipi limo ndani ya tangazo bila kutamkwa?

Njia ya kulitatua ni kulikanusha kila dhanio na kuona kama tangazo bado linasimama. Tuseme kuchemsha hakupunguzi hatari yoyote. Tangazo limekufa. Kwa hiyo dhanio la kwanza limo. Tuseme baadhi ya watu hawatatii. Tangazo bado lina maana, maana hata nusu ya kijiji ikichemsha maji, wapo watakaonusurika. Dhanio la pili halimo. Mtu aliyeizoea njia hii hatababaishwa na hotuba ya mgombea, na akipewa mkataba wa ardhi ataona kifungu kinategemea nini kabla hajatia dole gumba. Ni ujuzi wa raia, na ni aibu kwamba hukutana nao kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22 katika chumba cha tuisheni chenye joto.

"Tena si ujuzi wa kigeni," Mwalimu anasema. "Wanazuoni wetu wa kale wa mantiki, wale wa Nyaya, waliufundisha kwa mfano wa moshi. Mlimani pana moto, kwa sababu pana moshi. Na penye moshi pana moto, kama jikoni. Kisha wakauliza: je, penye moto pana moshi? Wakajibu kwa chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu. Moto umo, moshi haumo. Moshi huja pale kuni zinapokuwa mbichi. Mtego huohuo, wa kudhani kauli inasomeka mbele na nyuma, ndio ulio katika CSAT."

Mtego huo wa kugeuza kauli umechunguzwa vizuri. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Wason alitunga jaribio la kadi nne. Tuseme zinaonyesha A, D, 4 na 7, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima zigeuzwe ili kujua kama kanuni ni ya kweli? Watu wengi, wakiwemo wasomi wa vyuo vikuu, hugeuza A na 4. Jibu ni A na 7, kwa sababu 7 ikiwa na irabu nyuma yake, kanuni imevunjwa. Nyuma ya 4 pakiwa na chochote, haiharibiki. Wanaopatia kwa kawaida hawafiki mmoja katika kumi. Lakini mwaka 1982 watafiti Griggs na Cox, huko Florida, waliuliza jambo hilohilo kwa kanuni ya baa: anayekunywa bia lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kadi zilikuwa bia, soda, miaka 22 na miaka 16. Takriban robo tatu ya watu walipatia: mkague mwenye bia, mkague mwenye miaka 16, wengine waache.

Akili za watu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni vazi la swali. Mwenye kutunga mtihani wa watu wengi hivyo anayachagua mavazi hayo kila mwaka, na anapochagua bila kuwafikiria watoto wa Bihar, anakuwa amewapunguzia alama kabla hawajaingia chumba cha mtihani. Mhandisi ana haki kusema kwamba kazi ya utawala inahitaji fikra kavu zisizotegemea mazoea ya nyumbani. Mtahiniwa naye ana haki kudai afunzwe fikra hizo, kwa lugha anayoota nayo, kabla hajapimwa nazo.

Msomaji wa Tanzania ataona jambo analolijua. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, akiingia kidato cha kwanza anahamia Kiingereza. Umri ule ambao angeweza kuanza kushindana kwa hoja, kukanusha dhanio na kuchora maduara, ndio umri anaohangaika kuelewa swali linasema nini. Vipindi vichache vya mantiki kwa Kiswahili katika darasa la sita na la saba vingemwandaa kuliko miaka ya kukariri baadaye. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya ubao.

Turudi India. Je, uamuzi wa 2015 ulitosha? Mhandisi anasema ulizidi. Kwake karatasi ambayo alama zake hazihesabiwi ni karatasi isiyoheshimiwa, na wengi waliacha kuifanyia mazoezi. Mtahiniwa ana malalamiko ya kinyume. Mwaka 2023 watahiniwa walisema CSAT ilikuwa ngumu kupita kiasi, yenye maswali ya ngazi ya mitihani ya uhandisi na menejimenti, na wakapeleka madai kisheria wakitaka kiwango kishushwe kutoka asilimia 33 hadi 23. Hawakukipata. Kizingiti kilichowekwa ili kuwalinda watu wa masomo ya sanaa kikawa ukuta uleule, safari hii bila hata faida ya kuongeza alama kwa aliyeuruka vizuri.

Uamuzi wa 2015 ulikuwa sahihi lakini wa nusu. Ulipunguza madhara ya mtihani bila kugusa chanzo cha tofauti, ambacho ni nani amefundishwa.

Mwalimu ana pendekezo moja dogo, na ndilo lililowagombanisha tena.

"Tume inayoendesha mtihani huweka karatasi za miaka iliyopita hadharani, bure. Vizuri. Lakini ufunguo wa majibu kwa miaka mingi ulitoka baada ya matokeo ya mwisho, karibu mwaka mzima baadaye, na ukitoka una herufi tu: swali la 14, c. Mtoto wa kijijini afanye nini na c? Waandike sababu. Mistari miwili kwa kila swali, kwa Kihindi na Kiingereza, na kwa lugha nyingine za India kadiri wawezavyo."

"Mtazipa tuisheni silaha," Mhandisi anasema.

"Tuisheni zina sababu hizo tayari, dada. Mimi mwenyewe huziandika usiku uleule wa mtihani, asubuhi zinauzwa."

"Na watungaji watakosea. Kila sababu itakayoandikwa itapingwa mahakamani."

"Itapingwa ikiwa mbovu," Mtahiniwa anasema, "na ikiwa mbovu, mimi nilikatwa alama kwa nini?"

Mhandisi anaitafakari. Anauliza kama mistari miwili inatosha kwa swali la benchi, na Mwalimu anamwambia ahesabu: Esha wa tano, Chetan wa nne, Bina hawezi kuwa wa kwanza. Anahesabu kwa vidole, kisha anasema maswali ya ufahamu wa habari ndiyo yatakayoleta ugomvi, kwa sababu huko majibu mawili mara nyingi yanakaribiana. Mtahiniwa anajibu kwamba hayo ndiyo angetaka sababu zake zitolewe kwanza.